Gharama ya Mwale Unaohama: Uhakiki wa Usanifu wa Antena za Wimbi-vuja kwa Mazingira ya Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kigezo kinachotumika sana kuzisifu antena za wimbi-vuja, yaani ukubwa wa pembe ambayo mwale huipitia masafa yanapobadilishwa. Hoja kuu ni kwamba kigezo hicho hakitoshi, kwa kuwa kinaficha kiasi cha masafa kinachotumika kuipata pembe hiyo. Mji wa Bujumbura, uliopo karibu na mpaka, unadhihirisha uzito wa upungufu huo.

1. Usuli

Katika matumizi ya kila siku, mtungi unaovuja ni mtungi mbovu. Katika fani hii, kuvuja ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1940 William Hansen aliomba hataza nchini Marekani kwa ajili ya mrija wa kuongozea mawimbi uliopasuliwa ubavuni. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1946. Wimbi linaposafiri ndani ya mrija, nguvu yake hutoka kidogo kidogo kupitia mpasuo, kisha huungana nje kuwa mwale mmoja. Uelekeo wa mwale hutegemea uhusiano kati ya mwendo wa wimbi ndani ya mrija na mwendo wake angani. Kwa kuwa uhusiano huo hubadilika pamoja na masafa, mwale hugeuka bila mota. Kwa taasisi yenye bajeti ndogo, urahisi huo ni mvuto mkubwa.

2. Hesabu inayofichwa

Chukua mrija wa kawaida wenye upana wa ndani wa milimita 22.86, ambao hupitisha mawimbi yenye masafa ya juu ya gigahezi 6.56. Ukipasuliwa, mwale wake huelekea nyuzi 35 hivi kutoka mstari uliosimama wima juu ya mrija katika gigahezi 8, na nyuzi 57 katika gigahezi 12. Kwa hiyo, nyuzi 22 zinagharimu gigahezi 4 nzima. Karibu na gigahezi 10, mwale husogea nyuzi 5 kwa kila gigahezi. Opereta aliyepewa chaneli ya megahezi 28, upana uliozoeleka katika viungo vya mikrowevu, atausogeza mwale kwa nyuzi 0.14 tu. Huko si kuuongoza mwale.

Wasanifu hujibu kwa kuongeza wepesi wa kugeuka, kwa mfano kwa kurefusha njia ya wimbi kwa kuipindapinda. Jibu hilo huzaa tatizo jingine. Iwapo mwale husogea nyuzi 1 kwa kila megahezi 10, basi ndani ya chaneli hiyo hiyo hutawanyika kwa nyuzi 2.8. Kwa mwale wenye upana wa nyuzi 3, kingo za chaneli hubaki na zaidi kidogo ya nusu ya nguvu kwa mpokeaji aliye katikati. Wepesi unaosifiwa ndio unaoharibu ujumbe.

Mafanikio ya kweli yapo. Mwaka 2002 Liu, Caloz na Itoh walionyesha muundo ambao mwale wake hupita kutoka nyuma hadi mbele bila kufifia katika uelekeo wa wima, kasoro iliyozisumbua kwa muda mrefu antena zenye vipande vinavyojirudia. Hata hivyo, muundo huo haukufuta gharama ya masafa.

3. Bujumbura kama kipimo

Mashariki mwa Bujumbura milima hupanda kupita mita 2,000; magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni Kongo na mji wa Uvira. Mwale unaofagia kutoka milimani hadi ziwani huvuka mpaka, na kila uelekeo una masafa yake. ARCT, mamlaka ya mawasiliano ya Burundi, italazimika kumpa mtumiaji mmoja bendi pana, na sehemu ya bendi hiyo ihitaji maafikiano na nchi jirani.

Upo upande wa heri. Kwa kuwa masafa huamua uelekeo, leseni inaweza kuzuia kipande cha bendi kinachoelekea ng'ambo. Kinga hiyo haijakamilika, kwani miale ya pembeni bado hutoa nguvu kidogo.

4. Hitimisho

Ripoti ya usanifu inapaswa kutaja, sambamba na pembe, idadi ya nyuzi kwa kila megahezi na mtawanyiko ndani ya chaneli moja. Kwa rada, ambayo huhitaji bendi pana ili kutenganisha vitu vilivyo karibu, antena hizi zinafaa. Kwa mawasiliano ya mijini, utafiti uelekezwe kwenye antena za wimbi-vuja ambazo mwale wake hugeuzwa kwa diodi za varakta huku masafa yakibaki yale yale. Masafa ni mali ya umma. Pembe inayonunuliwa kwa mali hiyo haina budi kutajwa pamoja na bei yake.