Mama Maria katika Makumbusho ya Stockholm

Mgeni akifika Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, huonyeshwa kwanza Vasa, merikebu iliyozama mwaka 1628 na kuopolewa mwaka 1961. Ni ya ajabu kweli. Lakini mimi nasifu zaidi Makumbusho ya Historia, maana humo yumo Bikira Maria wa Viklau, sanamu ya mti ya karne ya 12, iliyotoka katika kanisa moja la kisiwa cha Gotland. Rangi zake za kale zingali zinaonekana. Walioitunza ni Waluteri, tuwashukuru! Ila wageni huitazama kwa kusimama tu, kama watazamavyo mkuki au chungu cha kale. Mchongaji aliifanya ili watu wapige magoti mbele yake. Mle ndani, nani atathubutu?