Mwisho Uliowaudhi Wasomaji

Mwaka 1908 Mwingereza Chesterton alitoa kitabu The Man Who Was Thursday, yaani Mtu Aliyekuwa Alhamisi. Wala njama saba wa London waitwa kwa majina ya siku. Syme, askari kanzu, ajiingiza kati yao, awa Alhamisi. Kumbe wenziwe watano nao ni askari kanzu! Hata hapo hadithi yapendeza mno. Kisha Jumapili, mkuu wao, akimbia juu ya tembo, na badala ya mwovu kukamatwa twapewa karamu na mafumbo. Syme amwuliza kama amepata kuteswa. Ajibiwa kwa swali la Bwana Yesu juu ya kikombe.

Wapo walionung'unika. Mwaka 1936, mwaka wa kufa kwake, Chesterton alikumbusha kwamba chini ya jina la kitabu aliandika kuwa ni jinamizi. Mimi ni pamoja na wanung'unikao: swali zito kama lile halikustahili kutanguliwa na mchezo wa tembo.