Mshika Upondo

Mto Tana ukifurika, kijiji cha Chara huwa kisiwa. Njia ya kwenda Garsen humezwa na maji, na anayetaka kuvuka humtafuta mwenye mtumbwi. Penye kina kifupi kafi huwekwa chini, ukashikwa upondo: ncha moja topeni, nyingine mikononi. Anayeushika huujua mchanga uliohama usiku, mradi mkono wake uisikie ncha ya chini.

Fedha hazingoji mtumbwi. Mama aliye Chara huzipokea kwa simu kutoka kwa mwanawe Mombasa. Wengi husema M-Pesa, huduma inayozifikisha, ni kazi ya kampuni kubwa. Mimi nawataja mameneja wa ngazi ya kati, washika upondo wake.

Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza, alijua kuwa wazo la kuwahudumia maskini lingeshindwa kwenye meza ya bajeti na miradi yenye faida ya haraka. Basi akaomba ruzuku kwenye mfuko wa serikali ya nchi yake, akapata karibu pauni milioni moja, na kampuni ikachangia kiasi kama hicho. Kujua mlango wa kupitia nako ni ufundi.

Mwenzake, Susie Lonie, alitumwa Nairobi kwa miezi michache, akakaa miaka. Jaribio la M-Pesa lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, likiwa na mawakala wanane na wateja wasiofika 500. Lilikusudiwa kuwawezesha wateja kulipa kwa simu mikopo ya shirika la Faulu. Lakini watu walifanya yao: walitumiana fedha, na wengine waliziweka kwa wakala mmoja wakazitoa kwa mwingine mwisho wa safari, wasitembee na noti mfukoni.

Msimamizi mwingine angeyaita hayo matumizi mabaya, akayapiga marufuku, na ripoti yake ingependeza. Lonie aliyatazama. Alikuwa ameketi na mawakala, amewafunza, amesikia malalamiko yao. Kisha yeye na Hughes wakawaendea wakubwa kuwaambia kuwa mpango waliouidhinisha haukuwa ule ambao watu waliuhitaji. Naliheshimu sana tendo hilo, kwa kuwa aliye katikati hulaumiwa na pande zote mbili. Mikopo ikawekwa kando. Safaricom, mshirika wa Vodafone nchini Kenya, ilipoizindua huduma hiyo Machi 6, 2007, iliwaambia Wakenya jambo moja tu: watume pesa nyumbani.

Ewe mkurugenzi, kabla ya kudai ripoti ya mwezi huu, muulize msimamizi wako ameona nini huko chini, kisha umwache amalize kusema.