Kivinjari au Programu ya Kusakinisha: Kazi ya Msimamizi wa CRM Ifanyikie Wapi

Kwa miaka mingi, aliyetaka kuongeza sehemu moja tu ya kujaza kwenye fomu ya mteja katika Siebel, mfumo wa kusimamia uhusiano na wateja (CRM), alikuwa na kazi ndefu. Alifungua Siebel Tools, programu ya Windows iliyosakinishwa kwenye kompyuta yake, akachukua nakala ya mradi kutoka hifadhidata kuu na kuiweka kwenye hifadhidata ndogo iliyo hapohapo, akabadilisha, akairudisha. Baada ya hapo kazi yote iligeuzwa kuwa faili moja ya SRF, ambayo ilipaswa kunakiliwa kwenye seva kabla watumiaji hawajaona chochote kipya. Utaratibu huo ulikuwa na sababu zake. Siebel ilianzishwa mwaka 1993, wakati kivinjari hakikuweza kubeba skrini yenye maelfu ya vipengele vinavyotegemeana, na programu ya Windows iliweza. Oracle, iliyotangaza kuinunua kampuni hiyo mwaka 2005 kwa takriban dola bilioni 5.85, ilikuja kuachana na faili ya SRF katika toleo la 2017. Maelezo ya jinsi mfumo unavyofanya kazi yakahamia ndani ya hifadhidata yenyewe, na pamoja nayo kikaja chombo cha kivinjari, Siebel Web Tools. Wengi husimulia mabadiliko hayo kama ushindi wa kivinjari. Naona wanakosea. Chombo cha kivinjari ambacho kingeendelea kuzalisha SRF kingewachelewesha watu vilevile. Nafuu ilitokana na badiliko kukaa mahali pamoja, kwenye seva, ambako kila mhusika analiona na kila hatua inaweza kuandikwa. Kwa hiyo anayechagua chombo aanze kwa kuuliza badiliko linaishi wapi na linapita mlango gani. Suala la dirisha la kufanyia kazi lije baadaye.

Salesforce, kampuni nyingine ya CRM, inaonyesha jambo hilo kutoka upande wa pili. Ilianzishwa mwaka 1999 kwa wazo kwamba mteja hatasakinisha kitu, na mpaka leo msimamizi wake hufungua akaunti, hutoa ruhusa na huunda sehemu mpya akiwa ndani ya kivinjari. Faida yake inaonekana kwenye kumbukumbu za ukaguzi: mabadiliko 20 ya karibuni yanasomeka kwenye skrini, na ya siku 180 zilizopita yanaweza kupakuliwa, yakiwa na jina la aliyeyafanya. Hata hivyo kampuni hiyohiyo, yenye kila sababu ya kuitetea intaneti, hutoa Data Loader, programu ya kusakinisha kwenye kompyuta. Kisaidizi cha kuingizia data kilicho ndani ya kivinjari kinakomea rekodi 50,000 kwa mara moja, ilhali Data Loader imeundwa kwa mamilioni. Ukomo wa namna hii haupo Salesforce peke yake. Mifumo iliyoandikwa kwa PHP, kama SuiteCRM, hukaa juu ya lugha ambayo kwa mipangilio yake ya awali huruhusu ombi moja la wavuti sekunde 30 za utekelezaji na faili isiyozidi megabaiti 2. Msimamizi anaweza kuviongeza viwango hivyo, na wengi huviongeza bila kufikiri sana, lakini viliwekwa ili ombi moja zito lisiwanyime wengine seva. Programu hiyohiyo ya PHP ikiendeshwa kwa mstari wa amri haina ukomo wa muda. Walioiunda walikwisha kutenganisha kazi ya mtu anayesubiri mbele ya skrini na kazi ya mzigo, na chaguo letu la zana lingefaa kufuata mgawanyo huo.

Pingamizi la kwanza, ambalo lina uzito mkubwa kwenye ofisi ambako umeme na intaneti hukatika bila taarifa, ni kwamba programu iliyosakinishwa ndiyo salama kwa sababu haitegemei mtandao. Katika CRM za leo hoja hiyo haisimami, kwa kuwa data ya wateja iko kwenye seva. Mtandao ukikatika, zana zote mbili husimama. Kinachotofautiana ni yanayofuata baada ya kukatika. Data Loader kwa kawaida hutuma rekodi 200 kwa kila kundi, na huacha kwenye diski faili mbili, moja ya rekodi zilizopokelewa na nyingine ya zilizokataliwa pamoja na sababu. Msimamizi ana pa kuanzia. Lakini hata hapo programu haimwokoi asiyejiandaa: akirudia faili nzima kwa amri ya kuingiza rekodi mpya, wateja waliokwisha kuingia watajirudia. Dawa ni kumpa kila mteja namba ya utambulisho inayotoka kwenye mfumo wa zamani, kisha kutumia amri inayosasisha rekodi ikiwa ipo na kuiunda ikiwa haipo. Hapo faili inaweza kutumwa mara tatu bila madhara. Uamuzi huo unahusu muundo wa data, na thamani yake inazidi hoja nzima ya kivinjari na programu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Programu inayoweza kutoa mamilioni ya rekodi inaweza pia kuzipeleka kusikotakiwa. Mwezi Juni 2025 watafiti wa usalama wa Google walieleza jinsi wahalifu walivyowapigia simu wafanyakazi wa makampuni, wakajifanya watu wa msaada wa TEHAMA, na kuwashawishi waidhinishe programu ya kughushi inayofanana na Data Loader. Data ikatoka. Udhaifu haukuwa katika mfumo wa Salesforce. Mfanyakazi alikuwa na uwezo wa kuidhinisha programu ya nje, na hakuna aliyemwekea kizuizi. Jibu langu ni kuwanyima watumiaji wa kawaida ruhusa ya API, yaani njia ambayo programu za nje hupitia kufikia data, kuwaachia watu wachache wanaojulikana, na kuzuia programu yoyote ambayo msimamizi hajaiidhinisha mwenyewe. Faili za data (CSV) zinazobaki kwenye kompyuta za mkononi nazo zina wa kuziwajibikia: Kenya kwa sheria yake ya 2019 na Tanzania kwa sheria yake ya 2022 zinamtaka anayeshughulikia taarifa binafsi azilinde, popote zilipo. Zifutwe kazi ikiisha.

Basi kazi za kila siku, yaani akaunti, ruhusa, fomu na kanuni, ziende kwenye kivinjari. Kazi za kuhamisha data kwa wingi na kuandika msimbo zibaki kwenye programu iliyosakinishwa, mikononi mwa wachache. Kabla ya kulipia zana yoyote ya kusakinisha, ipimwe hivi: kwenye kivinjari, weka kanuni inayokataza kuhifadhi mteja asiye na namba ya simu, kisha jaribu kumpitisha mteja wa namna hiyo kwa zana hiyo, ukitumia akaunti yenye ruhusa ndogo. Ikikataliwa, zana inapita mlango uleule wa seva. Ikikubali, yumkini inaandika moja kwa moja kwenye majedwali ya hifadhidata, jambo ambalo Microsoft iliwaonya waliosakinisha Dynamics CRM kwenye seva zao kwamba haliungwi mkono. Zana hiyo irudishwe kwa muuzaji.