Majana Kabla ya Asali

Katika vilima vya Kigali, ambako nyumba hupandana kama ngazi na paa la jirani huwa chini ya miguu yako, kufuga nyuki nyuma ya nyumba ni jambo la ujirani kabla ya kuwa jambo la faida. Kwa hiyo atakaye kumpima mfugaji asianze kumwuliza amerina asali kiasi gani, bali amtazame anavyofungua mzinga.

Mjuzi hungoja alasiri ielekee magharibi, watoto wakiwa wamekwisha itwa ndani, maana nyuki wetu wa Kiafrika ni mwepesi wa hasira, na giza likiingia hurejea mzingani badala ya kuwaandama wapita njia. Kabla ya kufukiza huuweka mkono wake mbele ya bomba la moshi: moshi ukimchoma yeye, huwachoma na nyuki. Kisha hutega sikio, kwani kundi lenye malkia huvuma kwa sauti moja tulivu, na lililofiwa aghalabu hulia kwa kutapatapa.

Hapo ndipo wanagenzi hukosea, kwa kukimbilia asali. Aula ni sega la majana, yaani watoto wa nyuki, ambalo ndilo daftari la nyumba. Yai hukaa siku tatu, na nyuki mtenda kazi hutoka siku ya 21. Basi ukiona yai moja moja limesimama katikati ya kitako cha kijumba, malkia alikuwapo juzi, hata kama macho yako hayakumpata, wala huna haja ya kumtafuta. Lakini mayai mawili matatu yaliyobandikwa kandokando ni dalili ya watenda kazi wanaotaga kwa kukosa malkia. Majana yaliyofunikwa yapendeza yakitandazika kama mkeka usio na matundu, vifuniko vikavu vimeinuka kidogo. Vikididimia au kutoboka, shuku maradhi.

Asali ina mtihani mwepesi: tikisa fremu, na ikidondoka haijaiva. Isiyofunikwa kwa nta ina maji mengi, na maji yakizidi takriban asilimia 20 huchachuka.

Fremu hizi zinazotoka na kurudi ni urithi wa Langstroth, Mmarekani aliyepata hataza ya mzinga wake mwaka 1852. Walakini siwadharau wafugaji wazee wa Kinyarwanda, waitwao abavumvu, ambao mizinga yao ya vijiti vilivyosukwa na kukandikwa samadi haifunguki bila kukata masega. Wao hukaa kando ya mlango na kutazama miguu ya wanaorejea, kwani chavua ikiingia kwa wingi, yamkini ndani mna majana ya kulishwa. Baada ya mvua za Machi hadi Mei, dakika kumi za kutazama hivyo zaweza kukuepusha na kufungua kabisa.

Nami nasema haya kwa majuto: kwa ghururi ya uanafunzi niliufungua mzinga wangu, huku Nyamirambo, mara tatu katika juma moja, na mara ya nne nikakuta masega matupu yametawaliwa na sisimizi. Kundi lilikuwa limehama.

Juzi nilikuwa nimekagua kundi la sasa, nimefunika na kuzima moshi, ndipo jirani yangu, aliyekuwa akianua nguo hatua chache kutoka hapo, aliponiuliza: “Baba, leo hufungui nyuki wako?”