Hati za Jamaa ya Bancroft: Jina Moja na Mikono Mingi

Hubert Howe Bancroft alizaliwa Granville, Ohio, mwaka wa 1832, akafa California mwaka wa 1918. Alifungua duka la vitabu na karatasi katika San Francisco, likampatia mali. Na kwa mali hiyo akakusanya vitabu, magazeti na hati za magharibi ya Amerika, tangu Alaska mpaka Panama. Kutokana na mkusanyo huo zilitoka juzuu 39 za tarikhi, na kila moja ina jina lake peke yake. Barua na shajara za jamaa yake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California. Yafaa tuulize hati hizo zatuongoza kumhukumu mtu huyu kwa namna gani.

Lawama yake yajulikana. Hakuziandika juzuu zile zote. Alikuwa na wasaidizi wa mshahara waliosoma, walionakili na kupanga habari, na baadhi yao walitunga sura nzima na hata vitabu kamili. Miongoni mwao walikuwako Henry Oak, mtunza maktaba yake, William Nemos, Thomas Savage, na Bibi Frances Fuller Victor, aliyeandika juzuu mbili za tarikhi ya Oregon zilizotoka mwaka wa 1886 na 1888. Bancroft aliwataja na kuwasifu wasaidizi hawa katika kitabu cha maisha yake, *Literary Industries*, cha mwaka wa 1890. Hata hivyo, sifa anayopewa mtumishi katika kitabu cha maisha ya bwana wake si badala ya jina lake juu ya kazi aliyoifanya. Oak hakuridhika, mwaka wa 1893 alipiga chapa kijitabu cha kueleza nani aliandika nini.

Sasa hati za jamaa zina hatari yake. Msomaji aingiaye humo humkuta mume na baba. Mke wake wa kwanza, Emily Ketchum, alikufa mwaka wa 1869 akamwachia binti mmoja. Huzuni ile ilimwelemea. Ni rahisi msomaji kuingiwa na huruma, akasahau deni la wale wasaidizi. Lakini wema wa nyumbani haulipi deni la kazini, na mhakiki hana ruhusa ya kuchanganya hesabu hizo mbili.

Faida ya hati hizi iko mahali pengine. Zatuonyesha ya kuwa nyumba yenyewe ilikuwa sehemu ya kazi. Matilda Griffing, aliyeolewa na Bancroft mwaka wa 1876, hakuwa mwandishi wa shajara tu. Mwaka wa 1880, huko San Francisco, aliketi na Jane Snyder Richards, mmoja wa wanawake wa Kimormoni, akaandika aliyosimuliwa juu ya maisha ya nyumba zao. Hayo ni mambo ambayo yamkini mwanamume mgeni asingeambiwa. Basi katika hesabu ya mikono iliyofanya kazi bila jina, hatuna budi kumwongeza na mke.

Hapa ndipo penye neno langu kubwa. Bancroft mwanahistoria alificha mikono ya watu, lakini Bancroft muuza vitabu hakuweza kuitupa karatasi. Masimulizi yaliyoandikwa na Enrique Cerruti kutoka kinywani mwa Rosalía Vallejo mwaka wa 1874, na yale ambayo Savage aliyapokea kwa Eulalia Pérez mwaka wa 1877, yalibaki pamoja na majina ya wasimulizi na waandishi wake. Mwaka wa 1881 maktaba ilihamishwa katika nyumba ya matofali barabara ya Valencia. Duka lilipoungua mwaka wa 1886, maktaba ilisalimika. Na moto wa mwaka wa 1906 haukuifikia. Mwaka wa 1905 Chuo Kikuu kilikuwa kimekwisha kuinunua kwa dola 250,000, na dola 100,000 katika hizo alizitoa Bancroft mwenyewe. Masimulizi ya wale wanawake yalipigwa chapa pamoja mwaka wa 2006. Ushahidi mwingi wa kumshtaki umetoka katika sanduku alilolitunza yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Jambo hili si la mbali kwetu tunaoshughulika na hati za pwani. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitufikia kwa juhudi ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya pamoja na W. E. Taylor, hata William Hichens akayatoa mwaka wa 1940. Asomaye diwani ile asimjue Sikujua amepata nusu ya habari yake. Kadhalika, hati inapotolewa katika kasha la nyumba fulani, haitoshi kuandika jina la mtungaji na la mwenye kasha. Iandikwe pia nani alisimulia, nani alinakili, na nani aliitunza isiliwe na mchwa. Na mara nyingi huyo wa mwisho ni bibi wa nyumba ambaye hakuna aliyemwuliza. Bancroft aliacha karatasi za kutosha hata kosa lake likasahihishwa baada ya miaka mingi. Sisi tukiacha kuandika majina hayo leo, wajao hawatakuwa na mahali pa kuyatafuta.