Subira ya Mzee Kitereza

Nakala yangu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka niliinunua kwa muuza vitabu wa barabarani, Posta, Dar es Salaam. Mgongo ulikuwa umeachia, nikaushona kwa uzi wa fundi viatu. Aliyekimiliki kabla yangu alipiga mstari wa penseli kila palipotajwa dawa ya miti shamba. Ndicho kitabu cha kwanza ninachokitoa nikiombwa riwaya ya Kiswahili ya kusoma.

Kisa chenyewe hakina haraka. Mume na mke wa Ukerewe hawajajaliwa mtoto. Maneno ya ndugu wa mume yanamchoma bibi, na wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere anamtaka mkewe. Wakwe wanataka pombe ya ndizi. Hapo mwandishi mwingine angesema tu kwamba pombe ilipikwa, ikapelekwa. Aniceti Kitereza hakubali. Ndizi lazima zivundikwe ziive, zikamuliwe, maji yake yachachuke, na msomaji angoje pamoja na mwenye shida yake. Mitungi inapofika ukweni, huhitaji kuambiwa kwamba mtu huyu anampenda mkewe. Umeshaiona mikono yake.

Zipo kurasa zinazochosha, sitalificha hilo. Maamkizi hurefuka, na mara nyingine msimulizi huweka hadithi kando akafundisha mila kama katekista, kazi aliyoijua vizuri. Hata hivyo siruki ukurasa. Alimaliza mswada kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuuchapa, akaketi akautia Kiswahili mwenyewe. Kitabu kilitoka 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Kisiwa hichohicho cha Ukerewe kilimzaa Euphrase Kezilahabi, mwaka 1944, naye akashika njia nyingine kabisa. Rosa Mistika ya 1971 niliimaliza usiku mmoja, na hasira niliyoamka nayo ilikuwa juu ya Zakaria, baba aliyedhani kwamba fimbo ndiyo malezi. Nagona, ya 1990, ilinishinda mara mbili. Ni kitabu chembamba, lakini kila sentensi inakusimamisha mlangoni ikikuuliza umefuata nini. Mara ya tatu nilikisoma kwa sauti, polepole, na ndipo nikasikia kwamba Kezilahabi mwandishi wa mashairi hakuwa ameondoka. Alikuwa amejificha ndani ya nathari. Bado sikielewi chote. Nakiheshimu kuliko vingi nilivyovielewa.

Kuhusu Shaaban Robert, najua nagusa pazito. Kusadikika ni kitabu kikubwa kwa ujasiri wa Karama mbele ya baraza, ila safari za wale wajumbe sita zinafanana mno, na ninapofika kwa wa nne huwa nimeshajua atapokewaje akirudi. Ninachokirudia ni Kiswahili chake, kilichonyooka kama uzi wa timazi. Kwa Muhammed Said Abdulla sifuati muuaji hata kidogo. Nafuata mazungumzo ya mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, na jinsi Waunguja wanavyoweza kuambiana jambo zito kwa adabu tupu.

Adam Shafi ndiye aliyenifundisha kwamba mwandishi naye hukua. Katika Kuli (1979) uzito wa gunia bandarini nausikia begani mwangu, lakini kadiri mgomo wa makuli wa 1948 unavyokaribia, watu huanza kusema kama vipeperushi. Miaka 20 baadaye, katika Vuta N'kuvute, Yasmin anaachiwa akosee, apende, achoke, na siasa inapita kati ya maisha yake badala ya kuyakalia. Kama una nafasi ya kusoma kimoja tu kati ya hivi viwili, soma hiki.

Kisha kuna Julius Nyerere. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari ilitoka 1963. Ingetosha. Lakini mtu mwenye nchi nzima mezani pake aliirudia mistari ileile, akapima upya mizani na maneno, na mwaka 1969 akatoa toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari. Mimi nina hilo la pili. Nikifika kwenye hotuba inayotolewa juu ya maiti, nafunga mlango wa chumba, nasimama, na naisoma yote kwa sauti.